Mabomba Yamekufa, Mkwe Anakuja

Jumatatu, 12 Januari

Salamu kwanza. Mimi Batima sijambo. Mume wangu Kabdesh hajambo, ila anakula na kofia ya manyoya kichwani. Mwanangu Yerkebulan hajambo. Mkewe Shynar hajambo, maziwa yanatoka. Mjukuu wangu Inkar, mgeni wa juzi tu duniani, hajambo, mashavu yamejaa.

Mabomba ya joto ndiyo yamekufa. Mtambo wa mji unaoyapa joto umepasuka, jengo zima kimya. Sikujua mabomba huongea mpaka yaliponyamaza! Nje nyuzi arobaini chini ya sifuri. Nimemwaga chai dirishani nione tu. Haikufika chini! Imegeuka moshi mweupe, ikapaa zake. Subhanallah.

Alhamisi mama yake Shynar, Bibi Ulbala, analeta kitanda cha bembea. Ni wajibu wa bibi mzaa mama. Akikuta baridi hii atambeba Inkar, na Shynar juu yake, awapeleke kwake kwenye jiko la makaa analojisifia tangu harusi. Mjukuu wangu akulie kwa Ulbala? Hapana. Hatajua.

Jumanne, 13 Januari

Masufuria yote jikoni, yachemke mchana kutwa. Mvuke utatupasha! Mvuke umepanda, umefika ukutani, umeganda. Manyoya ya barafu toka dari hadi sakafuni, kila unyoya na vinyoya vyake. Nani aliyachora? Nilisimama mdomo wazi. Kabdesh kasema hongera mke wangu, umetujengea friji.

Shynar kauliza kwa upole, Mama, nimpigie mama aje atuchukue? Nikasema simu hazishiki. Simu yake ikalia hapo hapo.

Jumatano, 14 Januari

Nimepata! Kondoo nyikani hawana jiko. Hubanana. Nimealika majirani wa ngazi zote, juu mpaka chini, maana sherehe ya kumlaza mtoto kitandani haikataliwi. Hata bibi Maken wa chini, tuliyenuniana naye kwa ajili ya zulia. Kasema atakuja, ila zulia bado ni lake.

Nyama ya farasi kule roshani imekuwa jiwe. Shoka la Kabdesh limevunjika mpini, nyama haina hata alama. Wageni nimewaambia katika ukoo wa Kabdesh watu husherehekea na makoti mwilini. Kabdesh kauliza tangu lini. Tangu leo!

Alhamisi, 15 Januari

Ulbala kaingia na kitanda mgongoni, kope nyeupe kama za malaika. Nikamwambia sisi hupenda hewa safi. Kasema kweli mkwe, ni safi mpaka naiona ikinitoka puani. Koti hakuvua.

Watu wakajaa, hakuna pa kuweka mguu. Maken akafukiza kitanda. Tukafunika vifuniko saba, blanketi, koti la manyoya, mpaka hatamu ya farasi. Wanawake wakapitisha peremende kwenye tundu la haja chini ya kitanda, kama desturi, wakiuliza ameshafanya? Tukaitikia ameshafanya! Wakazigombania kwa vicheko.

Ndipo ukuta ukaanza kulia. Wallahi! Manyoya ya barafu yakateleza, dirisha likafunguka macho, nikaiona nyika yote inang'aa. Kabdesh akavua kofia. Si moto, si umeme. Pumzi za watu tu! Inkar kalala, kijasho puani. Nililia hadharani.

Ulbala akaninong'oneza, mkwe, acha hizo, mji mzima unajua mmezimikiwa. Mbona kwangu dohani la jiko limepasuka tangu Jumapili? Akafungua mfuko wa kitanda. Ndani mna mto wake wa kulalia.

Jumamosi, 17 Januari

Mabomba yamefufuka! Yalikohoa, yakagonga, yakatoa joto. Nimeyawekea shavu. Nikageuka, Ulbala naye kaweka lake upande wa pili.

Wageni wamekwenda. Ulbala hajakwenda. Anabembeza kitanda kwa mguu, asubuhi mpaka jioni, huku anakunywa chai yangu. Inkar sijampakata tangu jana!

Basi nimefunga kimya kimya koki ya joto kwenye chumba cha Ulbala. Ahisi baridi, arudi kwake. Amehisi. Amehamia kwa Inkar, na mto wake.

Nimemtuma Yerkebulan kwa mume wa Ulbala na maneno haya: mabomba yetu yamekufa tena, baridi inaua, hapakaliki, njoo umchukue mkeo. Dohani limezibwa? Nijibu upesi, leo leo, kabla hajaagiza godoro.