Vibati Kumi vya Kifaru Changu

Jumanne, tarehe 11 mwezi wa sita
Stany, mwenye meza na sheria, ametangaza: atakayeshinda mchezo wa vifaru vya vita atapanda nyuma ya pikipiki yake Jumapili, kwenda mji wa Fungurume kucheza na wa kule. Nafasi moja. Ni yangu! Yaya François, kaka yangu mkubwa, anafanya kazi kule, na kila mara ananiita mikono mitupu. Atakoma. Nimeshamwambia mama anipigie shati pasi.

Kila kifaru cha katoni kinapewa vibati kumi vya kopo la maziwa. Huo ndio unene wa chuma. Unagawa mwenyewe, mbele, mbavuni, nyuma, na adui haoni mpaka apige. Anarusha kete mbili. Jumla ikizidi vibati vya upande aliopiga, umekufa.

Wajinga wanagawa sawasawa. Mi nilishapakia mifuko ya madini: malachite, lile jiwe la shaba, mdomoni, udongo chini, na mnunuzi analipa akicheka. Vibati vyote mbele!

Jumatano, tarehe 12
Mpinzani wa kwanza, Muamba, kanijia uso kwa uso kama mbuzi. Akapiga weee, kete zikachoka. Nikamtoboa, nikamwambia akauze vitumbua na dada yake. Mi ni jenerali!

Alhamisi, tarehe 13
Dada mwenyewe, Mujinga. Kazunguka meza nzima akanijia nyuma. Kete: moja na moja. Nikacheka. Stany akafunua nyuma: patupu.

"Tata jenerali," Mujinga akasema, kana kwamba mimi ni baba yake, "kifaru yako imevaa koti ya ndoa, lakini suruali iko wapi?"

Hata Muamba alicheka. Muamba! Nikadai kete zilikuwa na mafuta ya vitumbua. Stany akanipa marudio ili ninyamaze.

Ijumaa, tarehe 14
Mwizi aliyeingia kwa mlango wa nyuma atarudi huko huko. Vibati vyote nyuma.

Mujinga hakusogea hata. Alipiga mbele, patupu, huku anatafuna.

Jumapili, tarehe 16
Stany na Mujinga wameondoka. Vumbi la pikipiki limetua kwenye shati langu la pasi. Ndiyo, nililivaa. Mujinga akanipungia mkono.

Yaya François kapiga simu, akauliza kwa upole kama ninaumwa. Upole! Bora angenitukana. Mama alichukua shati akalifua.

Nimekaa, nimefikiri. Mbele wanapiga, nyuma wanapiga. Lakini juu? Hakuna aliyewahi kunipiga juu! Nimebandika vyote kumi kwenye paa. Muamba anasema mchezo wetu hauna ndege.

Wivu tu.