Mzungu Ameongeza

Octavian alikuwa amelipia nusu saa ya intaneti pale Mikumi, kando ya barabara kuu, na kama kawaida yake nusu saa ilikuwa imekwisha zamani naye bado amekaa. Aneth, mwenye duka, alimwacha kwa sababu Octavian alikuwa na maneno mazuri. Maneno hayo ndiyo yaliyokuwa ajira yake tangu kiwanda alichofanyia kazi kibinafsishwe, kisha kifungwe kufuli. Walimwambia sasa soko ni huria. Octavian hakubishana. Aliamua naye awe huria.

Kwenye kompyuta ya jirani alikaa mtalii aliyetoka mbugani, shingo nyekundu kwa jua. Alikuwa akitazama picha ya jezi kuukuu ya mpira, na kila baada ya muda alibonyeza kitufe na kulaani.

"Kuna tatizo, bwana?" Octavian aliuliza kwa Kiingereza cha kutosha.

Mtalii akaeleza. Huu ulikuwa mnada wa mtandaoni. Jezi ilivaliwa na mchezaji fulani wa zamani. Kila alipoongeza bei, mtu mwingine asiyeonekana aliongeza juu yake.

"Nadhani ni mwenye jezi mwenyewe, amejificha kwa jina la uongo ili anipandishie," alinung'unika. Kisha akaongeza tena.

Octavian alilipokea jambo hilo kwa unyenyekevu, kama mtu anayesikia Injili mara ya kwanza. Mnunuzi asiyeonekana! Hali, halali, hadai mshahara, na polisi hawana pa kumshika. Akamshukuru mtalii na kuondoka akitafuta jezi.

Jezi ilikuwa Masanze, upande wa Kilosa, kwa Mama Hildegarda. Marehemu mumewe, Kasiani, alikuwa winga wa timu ya karakana ya reli, na watu walimwita Kiberenge, jina la kile kigari cha mafundi wa reli. Waliomwona akicheza walisema alikimbia kama kiberenge kilichokatika breki. Ambao hawakumwona walisema hivyo hivyo, kwa sauti kubwa zaidi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, ila usikae hapo, panavuja. Hapo pia. Kaa mlangoni."

Octavian alikaa mlangoni, akaeleza kwamba wapenda michezo wa dunia nzima walikuwa wakimlilia Kiberenge. Ingefaa wafanye mkutano wa kumuenzi, na jezi yake ionekane. Mama Hildegarda alifungua sanduku la bati, akatoa kitu kilichoviringishwa kwenye khanga.

"Mvua ikianza huwa naitoa humu," alisema. "Bati la sanduku lenyewe limetoboka. Naipakata mpaka mvua ikatike. Watu wanadhani nalea mjukuu."

"Mama, pole sana."

"Sina kingine chake. Hata picha hatukupiga. Itarudi?"

"Itarudi, mama."

Alisema hivyo akimtazama usoni, jambo ambalo wenzake katika kazi hii hawakuwa wakiliweza. Mama Hildegarda akampa.

Mpango ulikuwa mwepesi. Mjini Kilosa alikuwapo Damiano, mwenye mashine za kusaga, na kule Ruaha alikuwapo Vitalis, mwenye nyumba ya wageni, watu wawili waliopenda faida kuliko usingizi. Octavian alimwendea kila mmoja kwa siri na kumnong'oneza maneno yale yale: "Kuna Mzungu kwenye mtandao anaitaka jezi hii kama pumzi. Atakuwa anaongeza bei kwa simu. Wewe mshinde tu. Kesho yake atakutafuta mwenyewe, umuuzie mara mbili."

Damiano aliuliza, "Kwa nini usimuuzie wewe?"

"Mzee wangu, mimi ni mtu wa michezo. Biashara nawaachia wenye vichwa."

Damiano alikubali kwamba hilo lilikuwa sawa.

Alibakiza mtu wa kuchangamsha ukumbi, akampata Mzee Ditram, mzee wa kanisa la Masanze, ambaye kila Jumapili baada ya ibada ndiye aliyenadi kuku, mayai na maboga ya waumini. Mzee Ditram alitoa ukumbi wa kanisa bure, kwa kuwa Octavian alikuwa ameeleza kwa huzuni kubwa kwamba mnada ulikuwa wa kuisaidia nyumba ya marehemu.

"Kazi yako, mzee, ni kupandisha. Wakipoa, unaongeza kidogo."

"Kupandisha? Hiyo siyo kazi, mwanangu. Hiyo ndiyo raha yangu."

Siku ikafika na ukumbi ukajaa hadi madirishani. Kwaya ilikuja bila kuitwa. Jezi ilitundikwa mbele, njano iliyofifia, na Mama Hildegarda aliketi benchi la kwanza akiitazama kama mtu anayesubiri mgonjwa atolewe wodini. Octavian alisimama na simu ya mkononi sikioni. Haikuwa na salio, wala haikuwa imewashwa, lakini hayo yalikuwa mambo ya ndani ya simu.

"Elfu ishirini!" alianza Damiano.

"Halo? Yes. Yes, sir." Octavian alifunika simu kwa kiganja. "Mzungu ameongeza elfu kumi."

"Na mimi naongeza mia tano!" alisema Mzee Ditram. Akainuka, akatoa beseni la plastiki chini ya meza, akaliweka mbele ya jezi na kutumbukiza noti yake. Kwaya ikapiga vigelegele.

Octavian alistaajabu. Mzee alikuwa mwigizaji wa kuzaliwa.

"Elfu kumi juu!" alisema Vitalis. Naye, kwa kuwa hapo ni kanisani na macho yote yalikuwa kwake, alitembea hadi kwenye beseni akazitumbukiza. Damiano hakukubali kuonekana bahili mbele ya mtu wa Ruaha. Alikwenda akaweka elfu ishirini zake za mwanzo, akaongeza nyingine juu. Mama mmoja aliongeza mia mbili, akaweka. Mwalimu aliongeza elfu, akaweka.

Hapo ndipo Octavian alipoelewa. Watu hawa walinadi kwa namna ambayo hajapata kuiona: kila aliyeongeza alilipa alichoongeza papo hapo, ashinde asishinde! Alijiuliza kwa nini alipoteza miaka yote ile mjini.

"Mzungu ameongeza elfu ishirini!" akapaza sauti. Beseni likanona. "Mzungu ameongeza thelathini! Mzungu anasema hakubali!"

"Huyu Mzungu ana roho nzuri," walinong'onezana kwaya.

"Mzungu ameongeza hamsini!"

Damiano alijipapasa mifuko, akatikisa kichwa. Vitalis alikuwa amekwisha kukaa. Octavian akaona ameshinda mnada wake mwenyewe. Haikumsumbua. Angelibeba beseni, na jezi angeiuza Morogoro.

"Haya," alisema Mzee Ditram akisimama. "Wote wameweka. Amebaki Mzungu."

"Yeye atalipa kwa benki, mzee."

"Benki ya beseni hatuna hapa." Ukumbi ukacheka. "Utaratibu wetu unaujua kila mtoto. Mgonjwa akituma mtu aje amwongezee, yule aliyemsemea ndiye anayemwekea. Halafu watamalizana wenyewe huko."

"Lakini..."

"Au hayupo?" aliuliza Damiano, na kwa mara ya kwanza siku hiyo macho yake yalikuwa makali.

"Yupo!" alisema Octavian upesi. "Mbona yupo!"

Akapiga hesabu kichwani. Beseni lote lilikuwa lake. Kuweka mle ni sawa na kuhamisha fedha kutoka mfuko wa kulia kwenda wa kushoto. Alivua kiatu, akatoa akiba ya miezi mingi ya maneno mazuri, akaitumbukiza yote kwa tabasamu. Haikutosha, akaongeza saa ya mkononi. Makofi yalitikisa bati.

"Tuombe," alisema Mzee Ditram.

Waliomba kwa muda mrefu. Mzee aliweka mikono juu ya beseni, akaikabidhi sadaka ile kwa Mungu, ili ikaezeke nyumba ya mama yetu Hildegarda, kama alivyotutangazia ndugu yetu Octavian. Watu walisema amina. Octavian alifumbua jicho moja na kuona wazee wawili wa kanisa wamekwishalibeba beseni kuelekea kwa mweka hazina. Alifungua mdomo. Kila neno lililomjia lilianza na kukiri kwamba hakuna Mzungu, na Damiano alikuwa kasimama mlangoni.

"Sasa," alisema Mzee Ditram kwa upole, "aliyeongeza mwisho hutaja anayempa. Mzungu amemnunulia nani jezi?"

Octavian aliitazama jezi. Morogoro ilikuwa bado ipo palepale, na nauli angeomba. Kisha akamwona mama pale benchi la kwanza. Alikuwa ameshikilia khanga tupu magotini, ameikunja mikononi vile vile anavyokunja anapopakata.

"Amemnunulia Mama Hildegarda," alisema.

Kwaya ilimwinua mama kwa nyimbo. Octavian mwenyewe aliitungua jezi na kumwekea mikononi. Mama aliinusa kwanza, ndipo akaamini.

"Mwanangu, huyo Mzungu wako," alisema, akifuta macho kwa pindo la khanga. "Anaitwa nani? Jumapili nataka tumtaje kwenye maombi."

Octavian, ambaye hajapata kukosa jina la uongo maishani mwake, alikosa.

"Anaitwa Octavian, mama."

"Ahaa! Kumbe wajina wako!"

"Ndiyo, mama. Wajina."

"Basi tutawaombea wote wawili," alisema Mama Hildegarda. "Yeye zaidi, maana yuko mbali."