Uzinduzi wa Kituo cha Kutunza Hati za Uwakili, Mikumi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye amepata udhuru akamtuma mwakilishi, ambaye naye amepata udhuru akanituma mimi. Waheshimiwa mliokalia viti vya kuegemea. Waheshimiwa wadogo mliokalia mabenchi. Wananchi wa Mikumi, Ruhembe na Kisanga mliosimama juani kwa hiari yenu. Na wewe dada Joha uliyetuletea maandazi: nawasalimu nyote kwa mujibu wa vyeo vyenu! (Makofi. Meza kuu inatafuna.)

Mimi Theodory, Mratibu Mwandamizi wa Uratibu, ninayo furaha isiyo na bajeti kuwazindulia Kituo cha Kidijitali cha Kusajili na Kutunza Hati za Uwakili, yaani ile karatasi yenye mhuri ambayo mgonjwa au msafiri humpa ndugu yake ili amsemee, na ambayo hadi juzi mlikuwa mkiificha chini ya godoro, kwenye pipa la mahindi, hata kuifunga kwenye pindo la kanga, jambo ambalo kitaalamu ni aibu! (Vicheko.) Leo asilimia tisini na tisa ya hati mlizonikabidhi ziko kwenye sistimu, na zilizobaki ziko kwenye mchakato, na huo mchakato, ndugu zangu, nimeubuni mwenyewe nikiwa bafuni! (Vigelegele.)

Nani huyo anapiga kelele? Aa, Bibi Yusta wa Ruhembe! Shikamoo, bibi. (“Marahaba. Hati yangu iko wapi? Kaka yangu Gabrieli amelazwa, kesho baraza linaamua shamba lake la miwa, na bila ile karatasi hawanisikilizi!”)

Bibi, tulia kabisa! Hati yako ina ulinzi wa tabaka tatu, haifikiwi na mwizi, panya wala mchwa, na nayasema haya nikiwa na andazi mkononi, andazi la moto, lililofungwa vizuri kwenye karatasi nyeupe, ngumu, yenye… mhuri. (Anaikunjua.) Yenye jina la Gabrieli. (Bibi Yusta yuko jukwaani. Kainyakua. Anacheza. Andazi liko chini.)

Mmeona wenyewe! Mwananchi kaomba hati, kaipata hapohapo, hakuna foleni, hakuna njoo kesho! (Umati unalivamia beseni la Joha, kila mtu anafungua andazi.) Msisukumane! Ukikuta ya jirani mpelekee jirani, huo ndio mtandao wenyewe! Hati yako? (“Andazini!”) Uwakili wetu? (“Na chai!”)

Kwa kumalizia, namshukuru dada Joha kwa kuyachukua yale maboksi ya karatasi yaliyokuwa yakinibana ofisini, na fundi Zabron kwa kutuazima mlango huu nilioukatia utepe, ambao nyuma yake, kama mnavyoona, ni mihogo ya Mama Fausta, na ambao una mwenyewe na anaudai leo jioni.

Bibi Yusta, kabla hujaondoka, irudishe hiyo hati tuitunze. (“Thubutu!” Anaikunja, anaifunga kwenye pindo la kanga.)