Programu Inayofunguka kwa Sekunde Moja

Jumatatu, 9 Machi

Leo nimevumbua. Sijui kama ofisi hii inastahili mtu kama mimi, lakini ndiyo bahati yao.

Programu tuliyoiandikia zahanati inachukua sekunde arobaini na nane kufunguka. Wa kulaumiwa ni mwenzangu wa meza ya pili, tunayemwita Mapema kwa kuwa hufika kabla ya mfagiaji. Kaipanga hivi: ukiiwasha tu, inapakia msimbo wote, yaani maagizo yote yanayoiendesha, faili moja baada ya jingine. Usajili, vipimo, ratiba, barua za rufaa. Inakagua yote, ndipo inafunguka. Ni sawa na kupika chakula cha wageni wa mwaka mzima kwa sababu mmoja kabisha hodi! Njia yangu: usipakie kitu mpaka kiitwe. Muuguzi akibonyeza vipimo, pakia vipimo. Asipobonyeza, vilale. Nimejaribu. Sekunde moja! Nimejipigia makofi chooni, maana ofisini Mapema alikuwepo.

Bosi kasema atakayewaridhisha watu wa zahanati siku ya Alhamisi ndiye mkuu wa kitengo. Na meza ya dirishani ni yake. Nimeipima kwa shubiri nikijifanya natafuta kalamu.

Jumanne, 10 Machi

Nimelipamba upya faili la barua za rufaa. Kisha maajabu. Nilipoiwasha programu kwa njia ya Mapema, ikagoma kufunguka, ikasema faili la rufaa lina kosa. Nikaiwasha kwa njia yangu. Ikafunguka, sekunde moja, bila neno! Rufaa haikuitwa, basi kosa halikuonekana. Hii ndiyo programu yenye adabu, haianiki aibu za ndani kabla ya kuulizwa. Kosa nitalirekebisha likihitajika.

Mapema kanishauri nibonyeze kila kitufe kabla ya Alhamisi. Wivu mtupu. Nikamjibu kwamba kubonyeza kila kitufe ni kupakia mapema kwa vidole. Akageukia skrini yake. Nadhani nilimmaliza.

Jumatano, 11 Machi

Nimempigia simu mama mkwe kumwarifu kwamba nimekuwa mkuu wa kitengo. Kweli bado, lakini siku moja ni nini? Huyu mama tangu harusi huniita "yule wa kompyuta". Leo kaniita mwanangu. Mwanangu! Machozi yalinilengalenga, naandika bila aibu. Kasema Jumamosi atakuja na mashemeji kunipongeza.

Mke wangu, aliyekuwa akipiga pasi, kauliza barua ya uteuzi iko wapi. Nikasema iko njiani. Akauliza njia ipi. Ukoo wao una maswali mengi.

Alhamisi, 12 Machi

Mapokezi ya zahanati. Wagonjwa kwenye viti vya plastiki, wauguzi wamesimama ukutani, bosi mbele, Mapema nyuma na mkoba wake. Nikawasha. Sekunde moja! Muuguzi mkuu kasema kumbe bado kuna watu wenye akili. Nimenukuu neno kwa neno. Ratiba, papo hapo. Vipimo, papo hapo. Nikamtupia Mapema jicho. Alikuwa akiangalia viatu vyake.

Nikawaambia wajaribu chochote. Chochote! Mdomo huu.

Muuguzi mkuu kasema vizuri, kuna mzee pale mwenye mguu uliovimba, anahitaji barua ya rufaa kwenda hospitali kubwa sasa hivi. Nikashauri apimwe tena. Kasema keshapimwa. Nikashauri apumzike kidogo. Kasema gari linamsubiri. Akabonyeza mwenyewe. Skrini ikawa nyekundu, ikaandika KOSA kwa herufi ambazo hata mzee alizisoma bila miwani, kisha programu yote ikajifunga. Orodha ya foleni ikaenda nayo. Ghafla kila mgonjwa akawa ndiye aliyetangulia.

Muuguzi akaiandika barua kwa mkono, dakika mbili. Mzee akipita kwenda garini kaniuliza kama ndimi mwenye ile mashine. Nikasema hapana.

Mapema akarudisha programu yake ya zamani. Sekunde arobaini na nane. Nilizihesabu zote. Ikafunguka, na kila kitufe kikaitikia.

Ijumaa, 13 Machi

Mkuu wa kitengo ni Mapema. Mimi nimepewa jukumu la kubonyeza vitufe vyote kila asubuhi na kuandika kinachotokea. Kuna daftari maalumu. Si kila mtu anaweza kuaminiwa na daftari.

Nyumbani sijasema. Nitasema nikiulizwa.

Jumamosi, 14 Machi

Wamekuja, saba. Mama mkwe kaleta zawadi: kibao cha mbao cha kuweka mezani, kimechongwa MKUU WA KITENGO. Herufi safi, kimepakwa vanishi. Nikakishika, nikamshukuru. Shemeji mdogo akauliza nimeanza lini. Nikaanza kueleza habari za msimbo. Mke wangu akanikatiza, akawaambia sijapewa kitu. Kisha akasema mbele ya wote kwamba mume wake sifa huzipakia mapema, kazi ndiyo husubiri mpaka iitwe.

Niliumia. Hata yeye nadhani aliumia, maana alikwenda kunijazia chai bila kuombwa.

Mama mkwe akauliza ni nani basi aliyepewa. Nikamtaja Mapema. Akakigeuza kibao huku na huku, akasema kwa bahati nzuri hakina jina, nimpelekee Jumatatu, kisipotee bure. Alipoaga kaniita yule wa kompyuta.

Jumapili, 15 Machi

Nimetafakari siku nzima, kwa unyenyekevu. Nimeliona kosa langu, nami si mtu wa kukataa ukweli. Kosa lilikuwa ile skrini nyekundu. Sehemu inayotangaza makosa ilikuwa inapakiwa mwanzoni kabisa! Ningejuaje? Nimeitoa. Sasa nayo itasubiri kuitwa, na faili lake nitaliandika siku likihitajika.

Nimejaribu. Nusu sekunde!

Kesho namwonyesha bosi. Kibao nimekiweka mezani kwangu hapa chumbani, kwa leo tu, nione kinavyokaa. Kimekaa vizuri sana. Nimeshampigia mama mkwe kumwambia asihangaike tena kuhusu Mapema.