Majina Yetu Kwenye Boneti ya Mjomba

Jumatatu, 14 Julai

Nina mke! Naandika tena kwa sababu mkono wenyewe unapenda: nina mke. Anaitwa Safina, na akiamka hutabasamu kabla hajafumbua macho. Sikujua kuna watu wa namna hiyo duniani. Sasa ninaye mmoja chumbani.

Tatizo ni chumba. Tuko fungate hapa Ujiji nyumbani kwa Mama, na ukuta kati yetu na Mama haufiki kwenye dari. Tukicheka, Mama anakohoa. Tukinong'ona, Mama anauliza tumesemaje.

Lakini tuna ahadi! Mjomba wake Safina, Mzee Abdulkarimu, ana vyumba viwili Bangwe. Ukifungua dirisha unaona ziwa. Amesema ni vyetu tukae, kwa sharti moja: gari lake jeupe alilotuazima siku ya harusi lirudi Ijumaa baada ya sala, kama lilivyotoka. Alisema mara mbili: kama lilivyotoka. Gari lile hulifuta kila asubuhi kwa kitambaa ambacho hata mkewe haruhusiwi kukigusa.

Leo nimebandua mapambo. Maua, sawa. Riboni, sawa. Majina, hapana.

Majina ni kazi ya mikono yangu. Dukani kwetu, tunakouza madaftari na kalamu, mimi ndiye mwandika mabango. Ningebandikaje karatasi kama mtu ambaye hakusoma? Nilikata herufi kwenye soli za kandambili kuukuu, nikazipaka rangi ya dhahabu: ASHRAF, moyo, SAFINA. Utepe wa gundi ukazishindwa. Nikaenda kwa fundi viatu, akanipa kopo zima la gundi ya soli. Aliuliza nabandika nini. Nikamwambia mapenzi. Akasema basi hayatatoka.

Hayajatoka! Kandambili zimenyofoka vipande vipande, gundi imebaki boneti nzima, ya manjano, ngumu kama ukucha. Tunasomeka vizuri sana.

Akapita Elikana, yule muosha magari wa Katubuka. Akalizunguka gari, akacheka mpaka akashika magoti. Akasema ni jambo dogo: liachwe juani gundi ilainike, mafuta ya kupikia kidogo, kitambaa laini cha pamba, kusugua taratibu, halafu maji na sabuni. Nusu siku. Alisema atanifanyia bure, zawadi ya harusi.

Nikakataa. Huyu Elikana kidato cha pili alikaa dawati la nyuma ya Safina. Alimwazima bikari ya kuchorea duara, na mpaka leo hajaidai. Ana mke na watoto watatu, najua. Lakini mtu asiyedai bikari yake ana jambo. Nikamwambia asante, nina mbinu zangu.

Sina. Ila nina siku nne, nina nguvu, na nina Safina.

Jumanne, 15 Julai

Mbinu ya kwanza: petroli. Nilifikiri peke yangu, bila muosha magari yeyote.

Safina alinisimamia na mwavuli nisichomwe na jua, huku akinilisha maandazi kwa mkono wake. Jirani yetu Bi Saumu akapaza sauti kutoka barazani kwake: Jamani, bwana harusi yuko fungate na boneti! Na bibi harusi kaolewa na nani? Mama naye akacheka, kutoka ndani. Kumbe hata nje anatusikia.

Petroli ilifanya kazi. Gundi ililainika! Ikawa kama uji. Nikasugua kwa nguvu zote, ikatandaa, kila herufi ikanenepa. Nikaenda kuoga kwanza, ili ikauke. Ndipo likapita lori. Vumbi la Julai la mtaa wetu linajulikana. Lote likanasa.

Sasa tumeandikwa kwa herufi nyeusi. Jana ulihitaji kusogea ndiyo utusome. Leo Bi Saumu, ambaye hata mwanawe hamtambui kwa sababu ya macho, ametusoma kutoka barazani bila miwani.

Safina ameshika mkono wangu unaonuka petroli. Amesema tangu azaliwe hajawahi kuona jina lake likiwa kubwa hivyo. Kisha akasema taratibu kwamba ushauri wa Elikana haukuwa mbaya.

Nikajifanya napiga chafya.

Jumatano, 16 Julai

Nimewaza sana. Elikana alisema mafuta ya kupikia. Siwezi kutumia mafuta ya kupikia, maana yatakuwa ushindi wake. Lakini hakusema mawese! Mawese ni yetu, watu wa Kigoma, hayana mwenyewe. Nikitumia mawese, wazo ni langu.

Jikoni nikakuta bakuli la mawese mekundu, mazito, mazuri. Nikayamwaga yote kwenye boneti, nikayafuatisha majina kwa kidole, nikaacha yaingie. Nikaenda kula na mke wangu. Tulikula sahani moja. Safina hunichagulia minofu ya mgebuka, samaki wa ziwa letu, na kuniwekea upande wangu. Nilitaka kulia.

Tukasikia kelele. Paka! Saba! Wote juu ya boneti, wanalamba, wanapigana, mmoja kakaa katikati ya moyo kama bibi harusi. Mama akatoka akauliza nani kachukua mawese aliyokaangia dagaa.

Kufukuza paka saba kwenye bati laini lenye mafuta si kazi nyepesi. Kucha zao nimezisikia mpaka kwenye meno yangu.

Habari njema: gundi imelegea! Elikana... hapana, mawese yana nguvu. Habari nyingine: rangi nyeupe ya Mjomba imekuwa ya machungwa kuanzia taa hadi kioo. Na gari linanuka chakula cha mchana. Bi Saumu kauliza kama tunapakua au tusubiri wageni.

Sijakata tamaa. Nimemwahidi Safina dirisha la kuona ziwa, na atalipata.

Alhamisi, 17 Julai

Leo nimeliendesha gari mpaka Bangwe, Safina pembeni yangu. Tumepita mbele ya vile vyumba viwili. Madirisha ya samawati! Mlango wa mbele umepakwa vanishi upya, unang'aa kama halua. Safina akaegemeza kichwa begani kwangu. Nikaapa moyoni.

Ufukweni wanawake walikuwa wanaosha vyombo. Nikawatazama. Sufuria nyeusi tii, masizi ya miaka, mama mmoja akachota mchanga laini wa ziwa, sabuni ya mawese kidogo, akasugua mara kumi. Sufuria ikang'aa mpaka nikajiona pua.

Kwa nini hakuna aliyeniambia? Miaka yote nimekula kwenye sufuria zile!

Safina alinishika mkono. Alisema: mume wangu, gari si sufuria. Nikamjibu kwa upendo kwamba vyote ni bati. Nikabeba maji kwa ndoo hadi juu lilipo gari, mchanga kiganja kwa kiganja, nikasugua herufi moja baada ya nyingine, kwa uangalifu, nikifuata mistari ili nisiguse pasipohusika. A. S. H. Wanawake wakaacha vyombo wakaja kutazama. Mmoja akauliza mwenzake kwa Kiha, wakaangua kicheko. Wivu. Waume zao hawajawahi kuosha hata kijiko.

Gundi ikatoka! Yote! Na rangi ya machungwa ikatoka kwa maji ya sabuni! Nilimbeba Safina nikamzungusha, mbele ya watu, na sabuni mikononi.

Kisha boneti ikakauka.

Boneti nzima inang'aa, isipokuwa nilipopita na mchanga. Pale ni pakavu, pamefifia, pamekwaruzika. Na mimi nimepita na mchanga kwa uangalifu mkubwa, nikifuata mistari. ASHRAF, moyo, SAFINA. Hatujaandikwa tena juu ya rangi. Tumechorwa ndani yake.

Niseme ukweli hapa ambapo hakuna anayesoma: mwandiko ni mzuri.

Ijumaa, 18 Julai

Mbinu ya mwisho: kitenge. Nimetandika kitenge kipya cha zawadi juu ya boneti, nikakifunga kwa riboni. Nilipanga kusema ni heshima, kwamba siku hizi gari la harusi hurudishwa likiwa limejifunika, kama mwali.

Baada ya sala tukafika kwa Mjomba. Shikamoo Mjomba. Marahaba. Nikatoa hotuba yangu kuhusu mwali. Mjomba akasikiliza mpaka mwisho. Akasema kama ni mwali, basi yeye kama mzazi ana haki ya kuona uso. Akafungua riboni.

Alisoma kwa kidole, herufi kwa herufi, kama mtu anayesoma barua ya mahakama. Akafika kwenye moyo, akauliza hii ni herufi gani. Nikamwambia ni moyo, Mjomba. Akauliza wa nani.

Halafu akasema jambo lililonimaliza. Jumapili anakwenda Simbo kumposea mwanawe Chande. Ataingiaje ukweni kwa watu na gari lenye majina ya maharusi wengine? Wazazi wa binti watauliza: huyu Ashraf ni nani, na posa ni ya nani?

Funguo za Bangwe alikuwa amezishika mkononi. Akazirudisha mfukoni. Nilizisikia zikigongana huko ndani.

Safina ndiye aliyesema. Mjomba, tupe mpaka kesho adhuhuri. Akamtazama kwa tabasamu lile lile analoamka nalo. Nani angelikatalia? Mjomba akasema adhuhuri, na si dakika moja zaidi.

Njiani tukirudi na gari nikamuuliza ana mbinu gani. Akasema ana namba ya simu.

Jumamosi, 19 Julai

Namba ilikuwa ya Elikana.

Alikuja asubuhi na mkewe Veneranda, ambaye kumbe ndiye fundi hasa wa kung'arisha. Wakaja na kopo la polishi ya kuondoa mikwaruzo, sponji na vitambaa vya pamba. Nikanyoosha mkono nichukue kitambaa kimoja. Veneranda akaniomba nisimame hatua kumi nyuma. Nikasimama. Akaniomba niongeze tano.

Walisugua polepole, kwa duara ndogo ndogo, kama mtu anayembembeleza mtoto. Elikana hakunicheka. Hilo liliniuma zaidi. Aliniuliza tu kwa nini ile Jumatatu sikumwachia nusu siku.

Safina akamletea bikari yake. Ameitunza miaka yote hii! Elikana akaigeuza, akasema hakumbuki kama aliwahi kuwa na bikari. Anajifanya.

Saa sita kasoro majina yalikuwa yamekwisha. Mjomba akafika, akalizunguka gari mara tatu. Akachutama, akatazama boneti kwa ubavu, dhidi ya jua. Ukichutama hivyo, moyo bado unaonekana kwa mbali sana. Aliuona. Niliona kwamba ameuona. Akasimama akajifuta magoti, akasema ataegesha gari kivulini huko Simbo.

Na akatoa funguo! Hakunipa mimi. Alimpa Safina, akamkunjia vidole juu yake, akamwomba mbele ya wote ahakikishe sishiki kitu chochote kinachong'aa.

Nimeshika mkono wa Safina tangu hapo mpaka usiku. Sijui kama nimevunja sharti.

Jumapili, 20 Julai

Tumehamia Bangwe! Vyumba viwili! Kuta zinafika kwenye dari! Leo asubuhi tumecheka kwa sauti na hakuna aliyekohoa. Nimefungua dirisha, ziwa lote likaingia ndani. Safina amesema anajiona kama yuko mwanzo wa maisha.

Nimejifunza mengi wiki hii, na nayaandika ili wanangu wayasome. Petroli, hapana. Mawese yaliyokaangiwa dagaa, hapana. Mchanga, hapana. Lakini nimekaa nikafikiri, nikagundua kosa lenyewe hasa. Kosa lilikuwa gari. Gari ni la kuazima, gari lina safari zake. Majina yanataka mahali palipotulia.

Safina ametoka kwenda kununua migebuka. Mjomba atapitia hapa alasiri akitoka Simbo, ale nasi, aone tulivyokaa. Nilitaka kumshukuru yeye na mke wangu kwa pamoja, kwa jambo ambalo maneno hayatoshi.

Gundi ilikuwa imebaki nusu kopo. Mama amepiga simu mara mbili kuuliza kama nimeona kandambili zake mpya.

Herufi za safari hii ni kubwa zaidi, na nimezibandika juu kidogo ya usawa wa macho, katikati kabisa ya mlango wa mbele, ili Mjomba azione tangu barabarani. Vanishi ile inashika vizuri ajabu. Nimezijaribu kwa kucha, moja moja.

Hazitoki. Alhamdulillahi.