Khabari ya Janine Fairhurst na Bahasha ya Nyuma ya Saa

Sogeeni, enyi mliolipwa na enyi mliokatwa, enyi mfunguao barua zenu siku zifikapo na enyi mzisukumizao chini ya godoro. Tulizeni vikombe vyenu, nami niwasimulie khabari ya vita vilivyopiganwa mjini Wigan, kaskazini mwa Uingereza, Jumanne ya mwisho ya mwezi wa Julai, mwaka elfu mbili na kumi na nane, katika sebule yenye upana wa hatua nne, baina ya mfunga pai mmoja na Dola nzima ya Kodi. Wengine wametunga juu ya miji iliyotekwa na majeshi yaliyozama. Mimi natunga juu ya simu iliyopigwa. Nilikuwepo, nimekaa kwenye mkono wa kochi, na chai yangu ilipoa.

Nakuita kwanza wewe, ewe birika la umeme, mama wa subira, uliyechemka mara sita siku ile bila kulalamika: nipe pumzi nisipotoshe neno.

Basi palikuwa na mwanamke, jina lake Janine binti Beryl, wa ukoo wa Fairhurst, Mkunja Kingo, Simba wa Mstari wa Tatu, ambaye mikono yake ilifunga kingo za pai mia nane kwa zamu katika kiwanda cha pai, nami ubavuni pake nikizipanga kwenye trei. Alikuwa na binti mmoja, Esme, wa miaka minne. Mume hakuwa naye, kwa sababu mume alikwenda kutembea Blackpool, mji wa pwani, wikiendi moja, na wikiendi ile haijaisha hadi leo.

Mshahara wake ulitosha pango na chakula. Yaliyobaki yalilipiwa na ruzuku ya kodi, ambayo Dola huwapa wazazi wenye kipato kidogo, na ambayo kila mwaka, kabla Julai haijaisha, sharti uihuishe kwa kutaja ulichochuma mwaka uliopita. Usipotaja, inakatika, na ulichopewa tangu Aprili unadaiwa chote. Ikikatika, Janine hana cha kumlipa Sheila anayemlea Esme mchana. Na bila Sheila, hakuna kiwanda wala pai wala mshahara. Dunia yote ya mtu mzima ilikuwa imeegemea bahasha moja ya kahawia.

Na bahasha yenyewe ilikuwa wapi? Nyuma ya saa.

Katika nyumba ile palikuwa na sheria, iliyotungwa na Beryl, mama yake Janine, Mlinzi wa Meko, Mwanachuoni wa Bingo: barua yoyote inayotisha huwekwa nyuma ya saa iliyo juu ya meko, na ikishawekwa pale huhesabiwa kuwa imejibiwa. Bahasha ya ruzuku ilifika mwezi wa Mei. Ilipokelewa kwa heshima, ikapewa nafasi yake baina ya barua ya gesi na ya daktari wa meno, ikajibiwa kwa njia hiyo kwa muda wa miezi miwili na zaidi.

Tusimcheke Janine, maana alikuwa na khofu yake. Desemba iliyopita, majira ya pai za Krismasi, alifanya ovataimu mpaka vidole vikavimba, na kipato chake cha mwaka kikapanda kwa pauni mia tisa. Beryl aliposikia alisimama katikati ya sebule, akaweka mkono kiunoni, akahutubia taifa.

"Sikiliza, we mtoto. Wale watu wakijua umepata hata senti moja juu, wanabeba zote. Zote, Janine. Halafu wanarudi kukudai za nyuma. Muulize Doreen ninayecheza naye bingo. Mpwa wake kafanya ovataimu wiki mbili tu, sasa hivi analala kwenye kochi la Doreen."

Elimu hiyo ikaingia. Tangu katikati ya Januari, kila Ijumaa msimamizi wetu Ken alipopita na daftari kuuliza nani anataka Jumamosi, Janine alijibu kwamba mgongo unamuuma. Mimi niliyemwona akiinua gunia la unga peke yake nilizidi kupanga trei zangu, kwa kuwa mgongo wa mtu ni siri yake.

Hata ilipofika asubuhi ile ya Jumanne, Janine alimpeleka Esme kwa Sheila, na Sheila, akiwa mlangoni na kijiko cha uji mkononi, akamuuliza, "Ruzuku umeshahuisha lakini, mpenzi? Maana mwisho ni leo."

Akarudi nyumbani mbio. Akaingia bila kuvua viatu, akaisogeza saa, akaitoa bahasha na kuipasua mbele ya mama yake na mbele yangu mimi niliyempitia kwa chai, jambo ambalo halikuwahi kutendeka chini ya paa lile. Kisha akateremka katika shimo la giza, yaani kopo la biskuti, akapigana na vifungo, betri zilizokufa na picha za pasipoti za watu wasiojulikana, akatoka na karatasi ya mwaka ya mshahara, imekunjwa mara nane, ingali hai.

Simu ikapigwa saa nne na nusu. Ikalazwa juu ya meza ya kupigia pasi, spika wazi, nao muziki ukaanza, muziki ule ule wa filimbi, dakika hamsini na mbili, ukikatizwa na sauti ya kukuambia kwamba simu yako ni muhimu sana. Tuliamini mara ya kwanza. Zamu yetu ilikuwa saa nane, na chaji ya simu ilikuwa inapungua kama pai siku ya mechi.

Beryl hakuupoteza muda huo. "Taja namba ya mwaka juzi," akasema. "Nani atajua?"

"Wao ndio watakaojua, Mama. Mwajiri anawapelekea."

"Sasa kama wanajua, wanauliza nini?"

Mimi nikaenda kuliwasha birika tena.

Ndipo muziki ukakatika, na sauti ya Mskoti, mpole, iliyochoka, ikajitambulisha kwa jina la Alasdair. Akauliza jina. Akauliza tarehe ya kuzaliwa. Kisha akauliza lile lililongojwa tangu Mei.

"Kipato cha mwaka uliopita, kilibadilika, dada?"

Beryl akainuka. Akapunga taulo la vyombo. Akapitisha kidole shingoni. Janine akaitazama karatasi, akaitazama jozi ya viatu vidogo vya mvua vya Esme pale mlangoni, na mkono unaofunga pai mia nane ukaisogeza simu karibu.

"Kilipanda," akasema. "Pauni mia tisa. Nilifanya ovataimu ya Krismasi. Sijaficha, ni vile tu... basi. Kilipanda."

"Sawa. Bado uko anwani ile ile?"

"Ngoja kwanza. Mnanikata ngapi?"

"Za mwaka uliopita? Hakuna. Kikipanda kwa mwaka na ongezeko lisizidi pauni elfu mbili na mia tano, ulichokwisha kupewa hatukigusi. Ila mwaka huu tunaanzia kwenye kipato kipya, kwa hiyo utapungukiwa kidogo kwa wiki."

"Kidogo kama nini?"

Alasdair akafikiri. "Huko kwenu pai ni bei gani?"

"Inategemea."

"Basi bei ya pai tatu nne. Na kikibadilika sana, kupanda au kushuka, tupigie siku hiyo hiyo. Usingoje Julai."

"Na Jumamosi nikifanya?"

"Fanya, dada. Kuna mtu alikukataza?"

Taulo la vyombo likashuka polepole.

Akapewa namba ya kumbukumbu, akaiandika kwenye mfuko wa mkate. Vita vyote, ukiondoa filimbi, vilichukua dakika nne. Kisha Janine akakaa chini akalia, kilio cha mtu aliyebeba mzigo miezi saba akaambiwa ulikuwa mtupu, na mimi nikamshika bega kwa sababu nilimhurumia kweli.

"Nimeziacha Jumamosi ishirini na nane, Mama," akasema. "Ishirini na nane."

Beryl akautazama mlango wa jikoni kana kwamba msaada ungetokea huko.

"Na yule mpwa wa Doreen?" nikauliza mimi.

"Yule," akasema Beryl. "Yule nasikia alifukuzwa na mkewe."

Janine akafuta uso kwa kiganja, akaichukua simu iliyobakiwa na chaji ya asilimia tatu, na mbele ya mama yake, mbele yangu na mbele ya birika, akatamka maneno ambayo wanahistoria wa Wigan, wakipatikana, watayachonga kwenye jiwe:

"Ken? Niandike Jumamosi. Mgongo umepona."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa: katika mwaka ule mtu wa kawaida alitaja namba ya kweli kwa simu, Dola ikasema sawa, na paa halikuanguka. Beryl, ambaye hakuomba radhi kwa sababu hajui inavyoanza, aliichukua bahasha kwa mikono miwili, akaupachika mfuko wa mkate ndani yake, akaisimamisha juu ya meko. Safari hii aliiweka mbele ya saa, na kwa siku nane nyumba nzima haikujua ni saa ngapi.