Njia ya Kanali hadi Kiti cha Urbain

Jumatatu, 3 Agosti 1998

Nimepata dawa ya Urbain! Yeye ni mwenyekiti wa chama chetu cha walinzi wa magari hapa ugenini Glenwood, na mwenyekiti ndiye anayegawa maeneo. Wenzangu wanalinda mbele ya mikahawa. Mimi, Térence, kaniweka nyuma ya duka la saruji. Uchaguzi ni Jumapili, nami nagombea kiti chake.

Leo, kwenye masanduku ya mwenye nyumba wangu, Bi Khairoonisa, nimekuta kitabu cha maisha ya Mwingereza mmoja wa enzi za Malkia Viktoria. Kanali, mwenye mashamba, mbunge, tena mtunzi wa mashairi kwa lahaja ya vibarua wake. Anawaigiza wanavyosema, na bado anachaguliwa! Aliwezaje? Nimesoma mpaka chai ikapoa. Nitamfuata hatua kwa hatua.

Jumanne, 4 Agosti

Kwanza, shamba. Nimelima kona ya ua, nimepanda lengalenga, mchicha wa kwetu. Bi Khairoonisa kaniambia, kwa upole wa kutisha, kwamba nilichong'oa si gugu. Ni mti ambao majani yake anayatia kwenye mchuzi tangu enzi za marehemu mumewe. Kanali hakuwa na mwenye nyumba. Hapo kanizidi.

Alhamisi, 6 Agosti

Sasa, uaskari. Nimeshona nyuzi za dhahabu za pazia kwenye mabega ya koti langu la kazi. Mteja kauliza napiga tarumbeta bendi gani. Nikampigia saluti hivyo hivyo.

Jumamosi, 8 Agosti

Mashairi! Wanachama wengi ni wa Uvira, mji jirani na Bukavu kwetu, kwa hiyo nimetunga kwa Kiswahili chao. Katika shairi, mtu wa Uvira kasimama barabarani, anagombana na taa za magari, ambazo huku huitwa robot: "Weye robot, njo nani unangoya?" Yaani, inamngoja nani. Nimecheka peke yangu mpaka machozi. Jirani yangu Mama Ninahazwe, msusi, mzaliwa wa Uvira, hakucheka. Kasema mtu wa Bukavu atunge ya Bukavu. Wivu tu. Ila swali linanisumbua: vibarua wa Kanali walicheka kweli?

Jumapili, 9 Agosti

Nimesoma beti zote mkutanoni. Mzee Nduwimana, mwanachama wa Uvira, akasimama, akauliza: "Na kwenu Bukavu, iko robot hata moja?" Hapo ndipo ukumbi ulipocheka. Mkono mmoja tu uliinuka kwa ajili yangu, nao ulikuwa wangu. Urbain kashanihamishia lango la makaburi. Imeniuma sana, sifichi.

Jumatano, 12 Agosti

Nimemwuliza Mama Ninahazwe, anayejua Kiingereza kuliko mimi, Kanali aliwezaje. Kasoma kurasa mbili huku akisuka mtu. Kasema ni rahisi: vibarua wale hawakuruhusiwa kupiga kura.

Kumbe! Basi mashairi yangu hayana kosa lolote. Mkutano ujao nitatoa hoja kwamba watu wa Uvira wasipige kura. Nimeshaiandika yote, tena kwa lahaja yao, ili waielewe vizuri.